Rutuba Inapopita Kiasi: Naitrojeni na Uhai wa Mbuga za Majani

Neno rutuba halina sifa mbaya katika Kiswahili. Ardhi yenye rutuba ni ardhi njema, na mkulima aliyerutubisha shamba lake amefanya kazi ya kusifiwa. Asili ya neno hili ni Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu; na njia liliyoipita mpaka kufika kwenye maana ya leo haina ugumu kuielewa, maana kwa watu wa nchi kavu ardhi yenye unyevu ndiyo ardhi izaayo. Neno mbolea lina historia nyingine. Katika lugha kadha wa kadha za Kibantu, Kibemba na Kizulu zikiwamo, kitenzi -bola maana yake ni kuoza, na mbolea laelekea kuwa neno la ukoo huo: kitu kilichooza, kikarudishwa ardhini ili kilishe kingine.

Maneno haya mawili yamebeba uzoefu wa watu ambao shida yao ya daima ilikuwa upungufu. Udongo ulichoka, mavuno yakapungua, na aliyepata samadi alimshinda jirani yake. Ni nadra kumsikia mtu akilalamika kwamba ardhi yake ina rutuba mno. Kwa sababu hiyo, mtu anapoambiwa kwamba zipo mbuga za majani zinazoharibika kwa kupewa chakula kingi, akili yake hukataa kwanza, kwa kuwa lugha yenyewe haijamwandaa kuyapokea maneno hayo. Hata hivyo ndivyo ilivyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi naitrojeni, ambayo ni chakula cha kwanza cha mimea, inavyoweza kuipunguza idadi ya aina za mimea katika mbuga na kuidhoofisha afya yake. Na kuonyesha kwamba kinachoamua kama naitrojeni ni baraka au ni madhara ni kiasi chake, mahali pake, na namna inavyofika.

Naitrojeni na njia zake

Katika kila sehemu mia za hewa, sehemu 78 ni naitrojeni. Walakini mimea haiwezi kuitumia hewa hiyo kama ilivyo, kwa sababu chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa sana, na mizizi haina uwezo wa kuzitenganisha. Mmea wenye njaa ya naitrojeni umezungukwa na naitrojeni pande zote, mfano wa baharia mwenye kiu katikati ya bahari.

Kwa maelfu ya miaka njia kubwa za kuifungua naitrojeni ya hewani zilikuwa mbili. Ya kwanza ni radi, ambayo moto wake huziunganisha naitrojeni na oksijeni, na mvua ikateremsha kidogo ardhini. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni bakteria. Baadhi yao huishi peke yao katika udongo. Wengine huishi ndani ya vinundu vya mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, kama vile kunde zenyewe, mbaazi, njugu mawe na klova. Siri ya vinundu hivyo ilithibitishwa na Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, kati ya mwaka 1886 na 1888. Mmea humpa bakteria sukari, naye bakteria humpa mmea naitrojeni; kila mmoja hulipa deni lake.

Njia ya tatu ilifunguliwa na binadamu. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha katika maabara kwamba amonia yaweza kutengenezwa kwa kuiunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni chini ya joto na mgandamizo mkubwa. Carl Bosch akaigeuza kazi ile ya maabara kuwa ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau huko Ujerumani kikaanza kutoa amonia. Tangu hapo kiasi cha naitrojeni inayoingia katika udongo wa dunia kimeongezeka kupita kadiri. Sehemu yake hutiwa mashambani kwa makusudi. Nyingine husafiri bila kukusudiwa: moshi wa magari na viwanda hutoa oksaidi za naitrojeni, na samadi ya mifugo iliyofugwa kwa wingi hutoa amonia, zote mbili hupanda hewani, huchukuliwa na upepo, kisha huteremka pamoja na mvua na vumbi juu ya misitu, maziwa na mbuga ambazo hakuna aliyekusudia kuzitia mbolea.

Konde la Rothamsted

Ushahidi mkongwe kuliko wote juu ya jambo hili unapatikana katika konde moja la majani huko Harpenden, kaskazini ya London nchini Uingereza. Konde hilo liko katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, ambacho kilianzishwa mwaka 1843 na John Bennet Lawes, mwenye shamba, akishirikiana na Joseph Henry Gilbert, mtaalamu wa kemia. Mwaka 1856 mabwana hao wawili walilichukua konde lililokuwa malisho kwa zaidi ya miaka mia, wakaligawa vipande, wakaanza kukipa kila kipande mbolea ya namna yake. Kimoja kilipewa salfeti ya amonia. Kingine nitreti ya sodiamu. Kingine fosforasi na potasi bila naitrojeni. Na vingine havikupewa kitu chochote. Majani yalikatwa kila mwaka katikati ya mwezi wa Juni, yakapimwa uzito, na kukatwa tena kabla ya majira ya baridi. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo, na hakuna jaribio jingine la mbuga za majani duniani lililodumu muda mrefu hivyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Lawes na Gilbert hawakuwa wakichunguza hasara. Walitaka kujua ni mbolea gani itakayoongeza majani makavu ya kulisha mifugo wakati wa baridi, na jibu walilipata: vipande vilivyopewa naitrojeni pamoja na fosforasi na potasi vilitoa mavuno zaidi ya mara mbili ya vile visivyopewa kitu. Lakini katika miaka michache tu waliona jambo ambalo hawakulitafuta. Vipande vilikuwa vimeachana sura, hata mgeni angeweza kudhani kwamba kila kimoja kilipandwa mbegu zake, ilhali hakuna aliyepanda hata punje moja. Mbolea peke yake ndiyo iliyochagua nani abaki na nani aondoke. Jambo hilo liliwashughulisha kiasi cha kuwafanya watoe, mwaka 1882, maelezo marefu juu ya mimea ya kila kipande.

Hali ya leo ni hii. Katika vipande visivyopewa kitu tangu 1856, mtu huweza kuhesabu aina za mimea zipatazo 40: nyasi za namna nyingi, klova, na maua madogo madogo ya kila rangi. Katika vipande vilivyopewa fosforasi na potasi bila naitrojeni, mimea ya jamii ya kunde imeshamiri. Katika vipande vilivyopewa salfeti ya amonia kwa wingi bila kutiwa chokaa, zimebaki aina mbili au tatu tu, ambazo ni nyasi zivumiliazo uchachu wa udongo, kama vile Holcus lanatus na Anthoxanthum odoratum. Vipande hivi vyote vina udongo wa asili moja, hupata mvua ile ile na jua lile lile, na kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa hatua chache.

Tofauti hiyo imeingia hata katika damu ya mimea yenyewe. Katika miaka ya 1970, Roy Snaydon na Stuart Davies walionyesha kwamba Anthoxanthum iliyotoka katika kipande kimoja ilitofautiana na ndugu yake wa kipande jirani kwa kimo na kwa uvumilivu wa udongo mchachu, na tofauti hizo zilirithiwa. Mimea iliyoishi bega kwa bega ilikuwa imekwisha kuachana kwa muda mfupi sana katika hesabu za viumbe.

Jinsi wingi unavyoleta uchache

Swali linalofuata ni hili: kwa nini chakula kingi kiwaondoe walaji? Majibu ni matatu, nayo hufanya kazi pamoja.

Jibu la kwanza ni mwanga. Katika udongo maskini hakuna mmea uwezao kurefuka sana. Wote hubaki wafupi, na jua hufika mpaka chini. Kila aina hupata nafasi yake kwa ujuzi wake: mmoja una mizizi mirefu, mwingine huchipua mapema, mwingine huridhika na kidogo kuliko wenziwe. Naitrojeni ikitiwa, njaa ya udongo huisha, na shindano huhama kutoka chini kwenda juu. Sasa anayeshinda ni yule awezaye kurefuka haraka. Nyasi ndefu hujaza majani, hutanda kivuli, na mimea mifupi iliyo chini yake hufa kwa kukosa jua, ingawa miguuni pake pana chakula tele. Jambo hili lilithibitishwa kwa njia nyepesi na watafiti wa Zurich, nchini Uswisi, ambao matokeo yao yalitolewa mwaka 2009. Yann Hautier na wenzake waliotesha mimea ya malisho, wakaitia mbolea, kisha wakaweka taa ndogo chini ya kivuli cha majani. Palipokuwa na mbolea bila taa, aina za mimea zilipungua. Palipokuwa na mbolea pamoja na taa, hasara hiyo ilizuiwa. Kwa hiyo mbolea haikuwaua walio wafupi moja kwa moja, iliwanyang'anya jua.

Jibu la pili ni kuvunjika kwa faida ya mikunde. Katika udongo maskini, mmea wenye vinundu una akiba ambayo wengine hawana, na gharama ya kumlisha bakteria kwa sukari huwa ni gharama yenye malipo. Naitrojeni ikipatikana bure kwa kila mmoja, akiba hiyo hukosa thamani lakini gharama yake hubaki. Hali ya mikunde basi ni kama ya mchuuzi wa maji katika mtaa uliovutiwa bomba.

Jibu la tatu ni uchachu wa udongo. Bakteria wa ardhini huigeuza amonia kuwa nitreti, na katika mgeuko huo huzaliwa asidi. Nitreti isiyotumiwa na mimea huchukuliwa na maji, nayo huondoka na kalsiamu na magnesiamu. Asidi ikizidi, aluminiamu iliyofungwa katika mfinyanzi huyeyuka na kuidhuru mizizi. Huko Rothamsted udongo wa vipande vilivyopewa salfeti ya amonia bila chokaa una kipimo cha pH kilicho chini ya 4. Kwa kulinganisha, vipande vilivyopewa nitreti ya sodiamu, mbolea isiyochachusha udongo, vimepoteza aina chache zaidi. Kulinganisha huku kwafundisha kwamba hasara ina sehemu mbili: moja yatoka kwenye naitrojeni yenyewe kwa njia ya kivuli, na nyingine kwenye asidi inayofuatana na amonia. Chokaa, ambayo ilianza kujaribiwa katika konde hilo mwaka 1903, huweza kuiondoa sehemu ya pili lakini haiwezi kuiondoa ya kwanza.

Mbolea ya mawinguni

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya vipande vilivyojazwa mbolea kwa makusudi, na kwamba mvua haiwezi kuleta kiasi kama hicho. Hoja hiyo ilijibiwa na uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 na Carly Stevens na wenzake. Walikwenda katika mbuga 68 za udongo mchachu kote Uingereza Kuu, wakahesabu aina za mimea katika miraba ya mita nne za eneo, wakalinganisha hesabu hiyo na kiasi cha naitrojeni kiteremkacho kutoka hewani mahali pale. Waliona kwamba kwa kila kilo 2.5 za naitrojeni ziteremkazo juu ya hektari moja kwa mwaka, mraba mmoja hupungukiwa na aina moja ya mmea. Mahali palipopata wastani wa nchi, yaani kilo 17 kwa mwaka, palikuwa pamepoteza asilimia 23 ya aina zake.

Huko Minnesota, nchini Marekani, katika kituo cha Cedar Creek, David Tilman alianza mwaka 1982 kutia naitrojeni ya viwango mbalimbali katika vipande vya mbuga. Mwaka 2008 yeye na Christopher Clark walionyesha kwamba hata kiwango kidogo cha kilo 10 kwa hektari kwa mwaka, kilichotiwa bila kukoma kwa zaidi ya miaka 20, kilipunguza idadi ya aina kwa asilimia 17. Hili ndilo fundisho zito la majaribio ya muda mrefu. Kiasi ambacho kwa mwaka mmoja hakionekani kuwa na dhara lolote, kikirudiwa kila mwaka hujikusanya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kikijaa, mbuga huwa imekwisha kubadilika.

Afya ya mbuga

Aidha, mtu aweza kuuliza kama kuna ubaya gani mbuga ikibaki na aina tatu, maadamu majani ni mengi na ng'ombe anashiba. Swali hili halifai kudharauliwa, kwa sababu ndilo swali la mfugaji. Jibu lake lilikuja kwa njia ya ukame. Mwaka 1988 ukame mkali uliipiga Minnesota. Tilman na John Downing walilinganisha vipande vya Cedar Creek kabla na baada, wakatoa matokeo yao mwaka 1994. Vipande vyenye aina nyingi vilipungua mpaka kufikia kiasi cha nusu ya majani yake ya awali. Vile vyenye aina chache vilianguka chini zaidi kwa mbali, na vikachelewa kurudi katika hali yake. Penye aina nyingi, baadhi hustahimili kile kinachowashinda wengine, na walio hai huziba nafasi za waliokufa. Penye aina mbili, zikishindwa hizo hakuna wa kuziba.

Chini ya ardhi nako mambo hubadilika. Katika vipande vichachu vya Rothamsted minyoo ya ardhi imetoweka, na bakteria waozeshao majani wamedhoofika. Majani yaliyokufa hayaozi upesi, bali hurundikana juu ya udongo kama mkeka mnene. Hapa yafaa kulirudia lile neno mbolea. Ikiwa asili yake ni kuoza, basi kuna jambo la kustaajabisha: mbolea ya kiwandani ikizidi, huzuia kule kuoza kulikoipa mbolea jina lake. Mbuga inayoitwa tajiri huwa imepoteza uwezo wa kujilisha, ikabaki kungoja mkono wa nje.

Maua yanayopotea nayo hayapotei peke yake. Nyuki na vipepeo wanaoyategemea hupungua, na ndege walao wadudu hufuata.

Kupona na kutopona

Je, mbuga iliyoharibika huweza kupona? Rothamsted yenyewe imetoa jibu lenye matumaini. Naitrojeni ya hewani katika Uingereza ilifikia kilele katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, kisha ikapungua baada ya sheria za kusafisha hewa kuanza kufanya kazi. Jonathan Storkey na wenzake walieleza mwaka 2015 kwamba kati ya mwaka 1991 na 2012 idadi ya aina katika vipande vya konde hilo ilikuwa ikiongezeka tena, na mikunde ilikuwa miongoni mwa waliorejea. Vile vile mwaka 1989 baadhi ya vipande viligawanywa, nusu yake ikaacha kupewa naitrojeni, na huko nako kupona kulionekana.

Walakini kupona si hakika kila mahali. Vipande vya Cedar Creek vilivyokuwa vimepewa kiasi kidogo vilirudisha idadi ya aina zake katika muda wa miaka 13 hivi baada ya kuachiwa. Lakini Forest Isbell na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba vile vilivyopewa kiasi kikubwa vilikuwa bado havijapona hata baada ya miaka 20. Mkeka wa majani makavu uliendelea kuzuia machipukizi, na mbegu za aina zilizotoweka hazikuwapo tena karibu. Konde la Harpenden lina bahati ya kuwa na vipande visivyotiwa kitu pembeni, ambavyo hutoa mbegu kila mwaka. Mbuga iliyorutubishwa yote, bila kubakiza hata kona moja maskini, haina mahali pa kuazima.

Maboma ya wafugaji

Mpaka hapa ingeonekana kwamba naitrojeni ni adui wa mbuga. Mbuga za Afrika ya Mashariki, hata hivyo, zina ushahidi unaoirekebisha hukumu hiyo, nao umefungwa katika neno boma. Kwa karne nyingi wafugaji wamekuwa wakiilaza mifugo yao usiku ndani ya uzio wa miiba. Ng'ombe, kondoo na mbuzi huzunguka mchana kutwa katika nyika pana, hula majani kidogo hapa na kidogo pale, kisha jioni huyarudisha yote mahali pamoja katika umbo la samadi. Wafugaji wakihama, uzio huoza, lakini samadi hubaki.

Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walieleza matokeo ya uchunguzi wao katika mahame matano ya wafugaji wa kale, kusini-magharibi ya Kenya, yaliyokuwa na umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700. Udongo wa mahame hayo ulikuwa bado na naitrojeni, fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko udongo wa pembeni. Juu yake pameota uwanda wa nyasi wenye upana wa kama mita 100, usio na miti, ambao wanyama wa porini huupenda kwa utamu wa malisho yake. Samadi ya watu waliokufa zamani za kale ingali ikiwalisha swala wa leo.

Basi kwa nini naitrojeni hii haikuleta uharibifu? Kwanza, haikutoka nje. Ilihamishwa tu kutoka sehemu moja ya nyika hadi nyingine. Pili, ilikuja pamoja na kalsiamu na magnesiamu, vitu vinavyopambana na uchachu. Tatu, nyasi zake hulishwa daima. Mwaka 2014 Elizabeth Borer na wenzake, waliofanya majaribio katika mbuga 40 za mabara 6, walionyesha kwamba walaji wa majani huweza kuziokoa aina za mimea penye mbolea, mradi wawe wanayapunguza majani kiasi cha kuruhusu jua kufika chini. Aliyeziona nyanda za Serengeti baada ya nyumbu kupita hatahitaji kuelezwa zaidi: meno elfu nyingi yamefanya kazi ya ile taa ya Zurich.

Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Boma ni doa, na nyika ilibaki nyika. Ndani ya uwanda wenyewe aina za nyasi huwa chache, kama kanuni ya Rothamsted inavyotaka. Lakini kwa kuwa uwanda ni mdogo na nyika inayouzunguka ni maskini, nchi nzima hupata sura mbili mahali pa moja. Doa la rutuba katikati ya umaskini huongeza namna za maisha, na rutuba iliyotandazwa kote huzipunguza.

Neno na kipimo

Isidhaniwe kwamba makala haya yanamwambia mkulima wa mahindi aache mbolea. Mashamba mengi ya Afrika yana njaa ya kweli ya naitrojeni. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006, mbolea iliyotumika katika bara hili ilikadiriwa kuwa kilo 8 tu za virutubisho kwa hektari, nao wakaazimia kuifikisha kilo 50 ifikapo mwaka 2015. Shamba la mahindi halitakiwi kuwa na aina 40 za mimea. Lakini mbuga si shamba lililokosa mlimaji. Umaskini wa udongo wake ndio uliowapa nafasi viumbe wake wengi. Na kadiri miji, magari na ufugaji wa ndani unavyoongezeka, naitrojeni ya mawinguni itazidi kuzifikia mbuga ambazo hakuna mtu aliyezitia mbolea.

Hapa ndipo elimu ya lugha inapopata kazi. Mfasiri anayekutana na habari za naitrojeni iteremkayo juu ya mbuga huvutwa na mazoea kuandika kwamba mbuga imerutubishwa. Na msomaji wake, aliyelelewa na neno hilo, hufurahi mahali pa kushtuka. Ingekuwa afadhali kitenzi kurutubisha kiachiwe kazi yake ya zamani, yaani kuirudishia ardhi iliyochoka kile ilichopungukiwa. Kwa ile naitrojeni ijikusanyayo mahali pasipoihitaji, Kiswahili kina kitenzi kingine kilicho tayari, nacho ni kulimbika, pamoja na nomino yake mlimbiko. Mlimbiko wa naitrojeni ni maneno yasiyosifu wala kulaumu, bali humwachia msomaji aulize swali linalostahili: ni kiasi gani, mahali gani, na kwa muda gani?

Mpishi wa ugali hulijua swali hilo. Maji si adui wa unga, na bila maji hakuna ugali. Lakini maji yakizidi unga, kilichomo chunguni hakiitwi ugali tena.